UZI: Mombasa saa saba mchana maduka yanafungwa. Watu huwa wanakwenda wapi?

Mpita_Njia
Wakuu salaam. Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Mombasa nasubiri makaratasi ya mzigo, na kwa vile sina la kufanya mchana nazurura kwa miguu. Ngome ya Yesu nimeipita kwa nje tu, picha zake zimejaa kila mahali. Ninayotaka kuuliza ni mambo madogo, yale ambayo wenyeji naona hata hawayatazami tena.

Jana nilijitosa vichochoro vya Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Saa sita na nusu mtaa uko hai: fundi cherehani kibarazani, kijana anakaanga viazi karai, mzee anawapimia watu bizari. Saa saba na robo napita njia ile ile, kimya. Milango yote imetiwa kufuli. Fundi kaondoka, cherehani kaiacha pale pale nje, kaifunika kitambaa basi. Hakuna mlinzi. Waliobaki ni paka na kunguru. Nikatafuta maji ya kunywa nikakosa mpaka nilipotokea Digo Road, na huko watu wanauziana kama kawaida.

Saa kumi nikarudi makusudi. Nikamkuta bwana mmoja anafungua duka la vitambaa. Kabla ya kupanga chochote alichota maji kwa kopo akanyunyizia mbele ya kizingiti. Kisha akatoa chetezo chenye makaa, akadondoshea ubani, akazunguka nacho kila pembe, akainama akakipitisha hadi chini ya meza ya pesa. Ndipo akawasha taa na feni.

Sasa nielezeni. Kwetu mwenye duka akifunga saa saba mchana jirani anapiga simu kuuliza nani kafariki.

BinKibokoni
Karibu Mvita. Wenda kula, kuswali na kulala, kwa mpango huo huo. Uzi umekwisha.

Kaka_wa_Makupa
Haujaisha. Ni joto tu, wala msilete hadithi nyingi. Februari na Machi hapa yafika nyuzi 32 hadi 33, na juu yake kuna unyevu wa bahari, shati limekugandama mgongoni saa nne asubuhi. Zitazame nyumba zenyewe: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba jua lisifike chini. Watu waliojenga hivyo walikuwa washalijua jua la saa nane, hawakuwa na haja ya kushindana nalo.

Msafiri_Kimya
@Kaka_wa_Makupa na Julai je? Kusi yavuma, mvua za rasharasha, watoto wavaa sweta kwenda chuoni (madrasa), na maduka bado hufungwa saa saba. Joto gani hilo?

Kaka_wa_Makupa
Desturi ikishakaa haitazami kalenda ndugu yangu.

MamaNasra
Nimesoma nikacheka, maana wote hapo juu ni wanaume na hakuna hata mmoja aliyetaja nani hupakua hicho chakula.

Mimi nauza leso (kanga), duka letu ni la familia. Nitawaambia ratiba yangu. Adhuhuri yaadhiniwa kama saa sita na nusu. Watoto watoka shule, wenye njaa, mabegi chini, viatu huku na huku. Wali uko jikoni tangu saa tano, bado mchuzi wa samaki kukolezwa nazi na kachumbari kukatwa. Wale, waoge, wavae kanzu na buibui waende chuoni kwa maalim kabla ya saa tisa. Babao naye akila lazima alale kidogo la sivyo jioni hasemezeki. Alasiri ni saa kumi kasorobo hivi. Hapo ndipo napata kushika funguo tena. Sasa niambieni, duka lingekaa wazi na nani? Mkisema joto sawa, mkisema sala sawa, lakini mimi hufunga kwa sababu ya watoto.

Mpita_Njia
Shukrani sana bi mkubwa. Hili la watoto kutoka shule kwenda madrasa sikulifikiria kabisa. Niliwaona kweli, kundi la mabinti na juzuu kifuani, nikadhani ndiyo wanatoka shule.

Mwana_wa_Mkunazini
Mkuu wa Mwanza, vuka uje na Unguja ushangae tena, Mji Mkongwe nako ni hivyo hivyo. Nionavyo mimi hili ni la Oman. Nimekaa Muscat miaka, soko la Mutrah likifika saa saba linafungwa, unabaki na njiwa na mafundi wa kiyoyozi. Saa kumi linafunguka, na watu hasa hutoka usiku. Waomani waliichukua Ngome ya Yesu mwaka 1698 kutoka kwa Wareno baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Unafikiri waliokuja walileta majambia peke yake? Walileta na saa zao za kulala.

Mjukuu_wa_Duka
Naheshimu, lakini hapana. Babangu alikuwa karani wa duka la Muhindi karibu na Marikiti, na ratiba hiyo ilikuwa ya Muhindi. Mimi mwenyewe nimefika Rajkot, Gujarat, kufuata vitambaa. Mji mkubwa ule, lakini saa saba hadi saa kumi hupati hata kifungo cha kununua. Wenyewe hutaniwa na Wahindi wenzao kwa usingizi wao. Na wenye maduka wa Kihindi waliokuja Mombasa wengi wametoka pande hizo hizo, Kutch, Jamnagar, Porbandar. Hayo ndiyo yaliyotufika.

Mwana_wa_Mkunazini
@Mjukuu_wa_Duka Wagujarati walikuwa wakifanya biashara Muscat kabla hata ya kuja huku. Nani alimfundisha nani kulala?

Mjukuu_wa_Duka
Aliyekuwa na pesa ndiye aliyelala kwanza.

Hesabu_Kwanza
Naona mnazungukia bahari nzima na jibu Mpita_Njia kaliandika mwenyewe bila kujua: Digo Road hawafungi. Joto ni lile lile, adhana ni ile ile, na kutoka Digo Road hadi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Tofauti ni kodi na mteja.

Mwenye duka Digo Road analipa kodi ya barabara kuu, na mteja wake ni mpita njia aliyeshuka matatu, leo yuko kesho hayuko. Ukifunga masaa matatu umempa jirani yako pesa. Mji wa Kale duka liko chini, mwenyewe anaishi juu, pengine nyumba ni ya urithi au ya wakfu. Mteja wake ni jirani, na jirani saa nane naye kalala. Ukifungua utamuuzia paka?

BinKibokoni
@Hesabu_Kwanza hapo kwa paka umekosea, paka wa kwetu hawanunui, wao hupewa. Muuza samaki akipita na baiskeli saa tano ndio utajua idadi yao.

Lakini hiyo ya kodi ina kichwa. Shemeji yangu alikuwa na duka Kuze, huku huku Mji wa Kale, akifunga kama sisi sote. Alipohamia Mwembe Tayari akaacha kufunga mwezi ule ule. Mtu yule yule, dini ile ile, mke yule yule wa kupika.

Kaka_wa_Makupa
Mwembe Tayari angelalia wapi, juu ya mabasi?

Dege_la_Pwani
Hamjagusa Ramadhani. Mwezi huo mambo hupinduka, mchana mji umelala na usiku Barabara ya Biashara hupiti kwa watu, hasa kumi la mwisho, watu watafuta nguo za Idi. Mteja aliyetajwa na Hesabu_Kwanza hapo amefuata dini, haikuwa kodi. Kwa hiyo huwezi kuitoa dini kwenye hesabu.

Hesabu_Kwanza
Sijaitoa. Nimesema mteja. Sababu ya mteja kuwa macho ni yake mwenyewe.

Mpita_Njia
Wakuu, na ile cherehani? Kuachwa nje mtaani bila mtu. Kwetu ingekuwa imeshabadilishwa rangi na kuuzwa kabla fundi hajanawa mikono.

Kijana_wa_Majengo
Haha. Yakhe, wewe ulidhani hakuna mlinzi kwa sababu hukumwona. Zile roshani za mbao juu, zenye vitundu vitundu, nyuma yake kuna bibi amekaa na tasbihi na anakuona wewe toka ulipoingia mtaani. Nakuhakikishia jioni ile ilishajulikana kuna mtu mgeni, mrefu, kavaa kofia, apita mara tatu atazama milango ya watu.

Mpita_Njia
Kofia nilivaa kweli. Jamani.

Kijana_wa_Majengo
Na cherehani ile yajulikana. Ya fundi fulani, mguu mmoja umeungwa chuma. Mwizi ataiuza kwa nani? Lakini usidanganyike na wewe, simu ukiiacha hapo haimalizi dakika.

MamaNasra
Si kila mahali pia. Mtaa wetu tulizoea kuacha viti nje, siku hizi tunaviingiza. Tusimpambie mgeni.

Msafiri_Kimya
Turudi kwenye ubani. Mimi si mwenyeji hasa, nimehamia toka Voi, na jirani yangu hufanya vile vile. Nilimuuliza akasema "baraka". Nikamuuliza mwanawe akasema "mbu". Nani mkweli?

MamaNasra
Wote. Duka limefungwa masaa matatu, madirisha yamefungwa, hewa ya bahari imo ndani, leso na vitambaa huanza kunuka uvundo. Ukifukiza, uvundo waondoka na mbu watoka. Na moyo nao watulia, wajua umefungua kwa heri. Mimi huchanganya ubani na udi kidogo siku ya Ijumaa. Maji ya mlangoni ni ya vumbi, ukimwaga sakafu yapoa na mteja aingia pazuri. Basi.

Maalim_wa_Kuze
Msije mkamwambia mgeni kuwa moshi ndio uletao riziki. Manukato ni mazuri, yamependekezwa, lakini mwenye kugawa riziki ni Mungu. Kuna watu wakikosa ubani siku moja wanafunga duka kabisa kwa hofu. Hilo si jambo.

Mjukuu_wa_Duka
Maalim kasema kweli, ila Muhindi wa babangu naye alikuwa akichoma udi wake wa vijiti kila akifungua, na yeye hakuwa Muislamu. Kwa hiyo labda ni ya wafanyabiashara wote wa bahari hii.

Mwana_wa_Mkunazini
Naona unarudi Gujarat polepole kwa mlango wa nyuma.

Tanga_Raha
Mimi nipo Tanga, nasoma kimya tangu ukurasa uanze. Nina la kuongeza kuhusu kushangaa miji ya watu. Mombasa kilichonishangaza ni rangi, katikati ya mji majengo yote nyeupe na buluu. Niliambiwa na dereva wa tuktuk ni desturi ya zamani, rangi ya bahari na mawingu, tangu Waarabu.

Kaka_wa_Makupa
Dereva alikuwa akikuuzia safari. Ni agizo la serikali ya kaunti, mwaka 2018, majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Mwenye nyumba alinunua rangi akinung'unika. Kabla ya hapo kila jengo lilikuwa na tangazo la soda au la simu.

Dege_la_Pwani
Na asikudanganye kuhusu Pembe za Ndovu za Moi Avenue pia, yale matao juu ya barabara. Utaambiwa zilijengwa Malkia Elizabeth alipofika Mombasa 1952.

Tanga_Raha
Ndivyo nilivyoambiwa!

Dege_la_Pwani
Hakufika Mombasa 1952. Alikuwa bado binti mfalme, yuko bara kule karibu na Nyeri, na meli iitwayo Gothic yamngojea hapa Mombasa aendelee na safari. Tarehe 6 Februari babake akafariki, akapanda ndege kurudi kwao. Meli ilibaki na mizigo yake. Pembe hizi za alumini tuzionazo ni za 1956, kwa ajili ya mdogo wake, Margaret.

Kijana_wa_Majengo
Kwa hivyo Mombasa tulipamba mji mgeni asije. Hii ni kawaida yetu, muulizeni aliyepika pilau ya harusi ya binamu yangu.

Mpita_Njia
Kuna kitu kingine nataka mnisaidie. Kunguru. Mwanza tuna ndege wengi lakini hawa wa hapa hawana adabu. Leo asubuhi mtoto kanunua mahamri mawili kwa mama wa kibarazani, kabla hajageuka kunguru kashuka kampokonya moja, kaenda kulila juu ya waya anatutazama. Mtoto hata hakulia. Alilificha la pili ndani ya shati akaendelea na safari, kama mtu aliyekwisha lipa ushuru.

Tanga_Raha
Kodi ya kaunti hiyo.

Mwana_wa_Mkunazini
Kwa kunguru naomba msamaha kwa niaba ya Unguja. Kunguru hawa ni wa Kihindi, waliletwa kwetu miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Wakala taka, wakala na vifaranga. Miaka ya 1990 walipunguzwa sana, wakakaribia kwisha, mradi ulipokoma wakarudi kwa nguvu.

Mjukuu_wa_Duka
Wa Mombasa hawakuletwa na mtu. Hawa husafiri na meli, hukaa juu ya milingoti na kula mabaki ya jikoni. Waliandikwa kuonekana hapa mwaka 1947. Bandari ndiyo iliyotuletea.

Mwana_wa_Mkunazini
Au waliruka kutoka kwetu, kituo kwa kituo, Pemba, Tanga, Vanga.

Tanga_Raha
Tanga hatuhusiki.

Msafiri_Kimya
Yule mwenye kifua cheupe ndiye wetu wa asili, na siku hizi kumwona mjini ni bahati. Wa Kihindi ana shingo ya kijivu na mdomo hauna mapumziko. Hula mayai ya chiriku na kwera. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule, kwa sumu maalumu.

BinKibokoni
Milioni moja? Walio juu ya mwembe wetu hawakusikia tangazo.

Kaka_wa_Makupa
Kunguru ni taka. Ondoeni majaa, kunguru ataondoka mwenyewe. Sumu bila kuzoa taka ni kumtafutia nafasi kunguru mwingine.

Hesabu_Kwanza
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Makupa. Piga picha ya ukurasa huu.

Kijana_wa_Majengo
Sasa na mimi nimshangae mwenzetu kwao. Nilipofika Dar, Kariakoo, nilimwona machinga anatembea na kiatu kimoja mkononi, anakitukuza kwa kila mtu. Kimoja! Nikamfuata kama mpelelezi nijue cha pili kiko wapi. Kumbe cha pili yuko nacho mwenzake ng'ambo ya barabara, ukivutiwa ndio chaletwa. Wenyeji wapita tu, hakuna anayeona ajabu.

Mpita_Njia
Hiyo ni kinga ya wizi mkuu. Nani atakimbia na kiatu cha mguu wa kushoto?

Tanga_Raha
Wengine wanasema ni kinga ya mgambo, akikamatwa anapoteza nusu ya hasara.

Kijana_wa_Majengo
Nusu ya kiatu ni hasara nzima lakini.

MamaNasra
@Mpita_Njia mwanangu, Jumapili alasiri nenda Mama Ngina, usiende na gari, utakwama. Pale penye mibuyu kando ya bahari. Utakuta familia nzima nzima ukutani, mabibi, watoto, maharusi wapya, wote wametazama mlango wa Kilindini. Meli kubwa ikiingia yapita karibu mpaka wawaona mabaharia. Kila mmoja asimama. Watoto wapunga mkono. Nimeanza kwenda na marehemu babangu na mpaka leo sijui kwa nini watu waliokulia penye bandari huenda kutazama meli.

Dege_la_Pwani
Upepo, bi. Ndani ya nyumba kuna joto. Meli ni kisingizio.

BinKibokoni
Ni muhogo. Watu wafuata muhogo wa kuchoma na kachiri, pilipili na ndimu.

Maalim_wa_Kuze
Nyumba nyingi za hapa zina mtu aliyekwenda baharini. Marehemu ammi yangu alikuwa baharia, na shangazi alikuwa akiketi pale miaka hata baada ya ammi kustaafu. Yeye akiwa nyumbani, shangazi yuko ukutani atazama meli za watu wengine.

Kaka_wa_Makupa
Hapo Maalim sina la kupinga. Ila muhogo pia.

Mpita_Njia
Jumapili nitakwenda. Basi la kurudi kupitia mpaka wa Horohoro ni Jumatatu, mnaonaje, bado linapanda kivuko cha Likoni au linazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu?

Msafiri_Kimya
Tangu Dongo Kundu ifunguke mengine yazunguka huko. Uliza unapokata tikiti.

Kijana_wa_Majengo
Likizunguka, siku moja kabla jivukie Likoni bure kwa miguu, uende urudi. Simama pembeni wakati lango lafunguliwa, wale wenye mikokoteni ya madafu hawana breki.

Tanga_Raha
Na ukipita Tanga shuka. Tutakuonyesha baiskeli.